Pini haina misuli: saketi ya kuendeshea mota ya kufukuza kwelea kwelea

Mwezi wa nne mtama wa mamdogo wangu kule Mvumi ulikuwa unakaza punje, na wajukuu wa kuamia ndege walikuwa shuleni. Kwelea kwelea hawajui ratiba ya shule. Ndege mmoja hula kama gramu 10 kwa siku, utamwona si kitu, lakini wakitua laki moja hiyo ni tani nzima ya mtama kabla jua halijazama. Mamdogo akanipigia simu: "Baba, si wewe unayetengeneza redio? Nitengenezee kitu cha kupiga kelele, mimi koo limekwisha."

Kibanda changu kiko Chang'ombe, hapa Dodoma mjini. Kazi yangu ni redio, sabufa na chaja za sola, na ukifika msimu wa miradi wananijia vijana wa UDOM na bodi zao za Arduino mkononi, vikompyuta vidogo vya kuamuru vifaa. Wanasalimia vizuri, halafu: "Fundi, pini imekufa." Kisa ni kilekile kila mwaka. Kijana ameandika programu safi, akachomeka mota au rilei (swichi inayovutwa na sumaku ya umeme) moja kwa moja kwenye pini, mguu wa bodi wa kutolea amri, ikanguruma kidogo, kisha kimya. Ninayoyaeleza hapa ndiyo ninayowaeleza wao, ila leo mfano wangu ni mashine ya mamdogo, kwa sababu ndani yake nilikosea karibu kila kitu kinachoweza kukosewa.

Mashine yenyewe ni hivi. Mota ya waipa ya gari chakavu imefungwa kwenye dungu katikati ya shamba. Mkono wake unavuta na kuachia kamba ya nailoni, na kwenye kamba kumening'inia makopo ya maziwa yenye kokoto ndani. Betri ya volti 12, paneli ndogo ya sola, na bodi ya Arduino Nano inayoamua lini makopo yalie. Kati ya bodi na mota ndipo penye kazi. Vijana wanapaita draiva. Mimi napaita saketi ya kuendeshea, na ukiielewa hiyo moja utaendesha rilei, pampu, taa, feni, kufuli la umeme, chochote.

Anza na mzigo. Usianze na transista uliyoiona kwenye video. Swali la kwanza ni: kitu ninachotaka kukiendesha kinakula volti ngapi na ampea ngapi? Volti mara nyingi imeandikwa. Ampea mara nyingi haikuandikwa, na hapo lazima upime. Mota yangu niliiunganisha kwenye betri ikipitia mita, ikiwa inavuta kamba na makopo yake yote, nikasoma ampea 2.8 hivi. Tuseme 3. Lakini mota ina namba ya pili, kubwa zaidi, ambayo wengi hawaiulizi: inakula kiasi gani pale inapoanza kuzunguka, au kamba inapokwama? Nilishika shafti kwa koleo ili nione. Fyuzi ya ampea 10 ndani ya mita yangu ikakatika papo hapo, na hilo nalo ni jibu. Njia ya kistaarabu ni kupima ukinzani wa mota ikiwa imesimama, kutoa ukinzani wa nyaya za mita zenyewe (zigusanishe uone zinasoma ngapi), halafu kugawa volti kwa ukinzani huo. Yangu ilitoka chini kidogo ya omu 1. Volti 12 gawa kwa hiyo, unapata kama ampea 13. Kwa hiyo saketi yangu lazima ibebe ampea 3 muda wote na ivumilie 13 kwa kitambo kidogo.

Sasa tazama upande wa pili. Chipu iliyo kwenye Nano, ATmega328P, kila pini yake ina ukomo wa miliampea 40, na mtu mwenye busara hazidishi 20. Mimi nataka 3,000. Pini inaweza kutoa amri tu. Nguvu lazima itoke kwenye betri, na kati yao awepo mtu wa kupokea amri ndogo na kufungua njia kubwa. Huyo ni transista: mguu wake wa beisi hupokea amri, na mkondo mkubwa hupita kati ya kolekta na emita.

Kabla ya mota tupite kwenye rilei, kwa kuwa ndiyo wengi wanaanza nayo na hesabu yake ni nyepesi. Chukua ile rilei ndogo ya buluu ya volti 5. Pima koili yake, yaani ule waya uliozungushwa kutengeneza sumaku, utapata karibu omu 70. Volti 5 gawa kwa 70 ni miliampea 71. Pini haiwezi. Transista ya BC547 ambayo imejaa kwenye kila redio mbovu ina ukomo wa miliampea 100, kwa hiyo itafanya kazi huku ikitweta. Tafuta BC337 au 2N2222, hizo zina nafasi ya kupumua.

Kisha rizista ya beisi, ya kupunguza mkondo unaotoka kwenye pini. Hapa vijana hunionyesha karatasi ya vipimo: "Fundi, transista inakuza mara 200, kwa hiyo beisi inahitaji miliampea 0.4 tu." Hapana. Namba hiyo ni ya transista iliyo katikati, kama inapokuza sauti ya redio. Sisi tunataka swichi, wazi kabisa au imefungwa kabisa, na ili ifunguke kabisa unailisha beisi kupita mahitaji. Kanuni yangu ni kugawa mkondo wa mzigo kwa 20, na transista nisiyoiamini naigawia kwa 10. 71 gawa kwa 20 ni miliampea 3.5. Pini inatoa volti 5, beisi na emita wanakula 0.7, zinabaki 4.3. Gawa 4.3 kwa 0.0035, unapata omu 1,229. Rizista ya namba hiyo hutaikuta dukani. Shuka hadi 1,000, yaani kahawia, nyeusi, nyekundu, na beisi itapata miliampea 4.3, ambazo pini inazitoa bila kuhema.

Emita inakwenda hasi, kolekta inakwenda kwenye mguu mmoja wa koili, na mguu wa pili wa koili unakwenda chanya ya volti 5. Mzigo unakaa juu, transista chini.

Tahadhari moja kuhusu miguu. PN2222A ukiielekezea sura bapa kwako, kutoka kushoto ni emita, beisi, kolekta. P2N2222A, herufi zilezile isipokuwa 2 moja, ni kinyume chake. Nimeshapoteza jioni nzima kwa ajili ya hiyo 2. Tangu siku ile kila transista naipima kwa mita kwenye alama ya dayodi (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu): mguu unaosoma 0.6 hadi 0.7 na miguu yote miwili mingine ndio beisi, na kati ya hiyo miwili, unaosoma juu kidogo ndio emita.

Ukiwa na rilei tano au sita usilehemu transista sita. Nunua ULN2003, chipu moja yenye njia saba, kila njia hadi miliampea 500, rizista na dayodi zake zimo ndani. Basi.

Mtu ataniuliza kwa nini rilei hiyohiyo isiendeshe mota. Ingeendesha. Lakini vidole vyake vya kugusanisha umeme ni vya ampea 10, mota yangu inaanza na 13, na mkondo wa betri ukikatwa huacha cheche inayokula vidole hadi siku moja vinagandana. Mota ikigoma kuzima shambani, saa nane mchana, betri inakufa na mamdogo ananipigia simu. Nikaamua kutumia mosfeti, transista ya aina nyingine: geti lake hupokea amri, na mkondo mkubwa hupita kati ya dreini na sosi.

Hapa ndipo nilipofanya kosa langu kubwa. Mwanzoni sikuwa na Nano. Nilikuwa na bodi ya ESP32, ile yenye Wi-Fi, ambayo pini zake zinatoa volti 3.3. Droo yangu ilikuwa na mosfeti za IRFZ44N nilizozichomoa kwenye UPS mbovu. Nikasoma: volti 55, ampea 49. Ampea 49! Nikajiona nimemaliza. Nikaunganisha, mota ikalalamika kama ng'ombe mgonjwa, ikazunguka polepole, nikaigusa mosfeti kujua hali yake, na alama ya bati lake ninayo bado kwenye kidole cha shahada.

Nilichokuwa sijasoma ni mstari mwingine. Karatasi inaahidi ukinzani wa omu 0.0175 ukiipa geti volti 10. Mimi niliipa 3.3. Karatasi hiyohiyo inasema mosfeti hii huanza kufunguka geti likiwa kati ya volti 2 na 4, na vijana wengi husoma hapo wakadhani 3.3 inatosha. Kuanza kufunguka si kufunguka. Ni kama lango la zizi lililoachiwa upenyo wa mbuzi mmoja huku nyuma kuna mbuzi mia wanasukumana: wanapita, ndiyo, lakini angalia hali ya nguzo za lango. Nilipopima kati ya dreini na sosi mota ikizunguka, nikakuta volti 3.1. Zidisha kwa ampea 2, hizo ni wati 6 zinazochemka ndani ya kidude kisicho na bati la kupoozea.

Dawa ni mosfeti iliyotengenezwa kwa ajili ya amri ndogo. Nilitumia IRLZ44N. Zinafanana kama mapacha, tofauti ni L badala ya F, na hiyo L ndiyo unayoilipia. Yenyewe inaahidi omu 0.025 geti likiwa na volti 5. Sasa hesabu: ampea 3 mara 3 mara 0.025, wati 0.225. Inakuwa ya uvuguvugu tu. Mota ikianza na ampea 13 inafika wati 4 na ushee, lakini kwa kufumba na kufumbua. Kwa volti 3.3 hata hii karatasi yake haiahidi kitu, inaishia volti 4, ndiyo maana niliirudisha ESP32 kwenye droo nikachukua Nano ya volti 5. Sikuhitaji intaneti katikati ya shamba la mtama.

Ndugu zangu wa TIP122, najua mko wengi. Ni transista ngumu, inapatikana kila mahali, nami naipenda kwa solenoidi ndogo. Ila kwa ampea 3 yenyewe inaweza kujibakizia hadi volti 2. Wati 6 tena, na mota inapata volti 10 badala ya 12. Kwenye umeme wa sola sitoi zawadi ya namna hiyo.

Sasa viungo vidogo, ambavyo ndivyo vinavyotofautisha saketi inayodumu na ile inayokaa wiki.

Kati ya pini na geti weka rizista ya omu 220. Geti ni kama kapasita ndogo, yaani kidude cha kuhifadhi umeme kidogo. Bila rizista hiyo, kila linapojazwa linavuta mkondo wa ghafla kutoka kwenye pini. Kati ya geti na hasi weka omu 10,000. Hii wengi wanaiacha, kisha wanashangaa mota kuzunguka yenyewe bodi inapowashwa. Sekunde ya kwanza bodi inapoamka pini zake haziko juu wala chini, zinaelea, na geti linaloelea hufunguka hata ukipitisha mkono karibu. Omu 10,000 inalishikilia chini hadi bodi ipate akili.

Kisha dayodi. Koili yoyote, ya mota au ya rilei, ikikatiwa mkondo ghafla haikubali. Inapandisha volti yenyewe hadi ipate pa kupitia, na pa kupitia huwa ni transista yako. Ukitaka kuamini, shika miguu miwili ya koili ya rilei kwa vidole vya mkono mmoja, gusisha betri ya volti 9, kisha iachie. Betri ya volti 9 haiwezi kukupiga shoti; kilichokuuma ni koili. Dayodi inalazwa sambamba na mota, upande wenye mstari kwenye chanya. Ukiigeuza umetengeneza shoti ya betri, na moshi utakuambia. Kwa rilei 1N4007 inatosha. Kwa mota yangu nilitumia 1N5408 ya ampea 3. Kama unataka kupunguza na kuongeza mwendo kwa kuwasha na kuzima mamia ya mara kwa sekunde, hizo ni nzito kuitikia, tafuta 1N5822.

Kabla ya kuunganisha mota, weka balbu ya indiketa ya gari mahali pake. Ile ya wati 21 inakula ampea 1.75, haina hasira ya koili, na inakuonyesha kwa macho. Iwashe kupitia bodi, pima dreini na sosi. Ukisoma chini ya volti 0.1 uko salama. Ukisoma 0.5 kwenda juu, mosfeti haijafunguka. Usiendelee na mota, rudi kwenye geti. Kipimo hiki cha nusu dakika kingeniokolea kidole.

Hasi ya bodi na hasi ya betri lazima zikutane, la sivyo amri ya pini haina pa kurejea. Lakini zikutane kwenye nguzo ya betri au mguu wa sosi. Usiupitishe mkondo wa mota ndani ya bodi. Waya mwembamba wa bodi haukuumbwa kwa ampea 13.

Tatizo lililonichosha zaidi halikuwa la mosfeti hata kidogo. Chang'ombe mezani kila kitu kilikwenda. Mvumi, mota ikianza, bodi inazima na kuwaka upya, inahesabu tena tangu mwanzo, makopo yanalia mara moja na kuzima kila baada ya sekunde kumi. Betri nilikuwa nimeiweka kivulini kwa mamdogo, mita 20 kutoka kwenye dungu, kwa waya wa milimita 1.5 za mraba. Kwenda na kurudi ni mita 40 za shaba, karibu omu 0.46. Kwa ampea 3 inapotea volti 1.4 njiani, mota inapoanza inapotea zaidi ya mara mbili ya hapo. Nikaileta betri chini ya dungu lenyewe, nikaijengea kivuli cha nyasi. Halafu mbele ya 7805, chipu inayoshusha volti 12 kuwa 5 na kulisha bodi, nikaweka 1N4007 moja ikifuatiwa na kapasita ya mikrofaradi 1,000 ya volti 25. Betri ikiyumba, dayodi inazuia umeme wa kapasita usirudi kwenye mota, na kapasita inailisha bodi kwa sehemu ya kumi ya sekunde, muda ambao mota inautumia kukamata mwendo. Bodi haikuzima tena.

Kuhusu boksi. Nilitumia kopo la bati, nikafunga mosfeti kwa bolti kwenye ukuta wake ili ipoe. Mota ikawaka na haikuzima. Bati la mgongoni mwa mosfeti limeunganika na dreini, na kopo langu lilikuwa limegusa hasi. Weka karatasi ya mika, isiyopitisha umeme, na kikombe cha plastiki cha bolti, au tumia boksi la plastiki kama nilivyofanya baadaye. Toboa tundu chini na si juu, uzibe kwa kitambaa cha chandarua: hewa ipite, vumbi la Dodoma lipungue, na mjusi asifanye makazi. Nilimkuta mmoja amekauka juu ya tundu la fyuzi ya kwanza.

Programu sitaieleza sana. Washa sekunde 6, zima kwa muda wa kubahatisha kati ya dakika 1 na 4. Nilianza na dakika 2 kamili, na siku ya tatu mamdogo akaripoti kuwa kwelea kwelea wanaruka sekunde moja kabla ya makopo kulia na kurudi yakinyamaza. Hata sasa wanazoea baada ya siku kadhaa, inabidi kamba ihamishwe upande mwingine. Mamdogo bado anapita na kombeo lake asubuhi na jioni, saa ambazo ndege wanakula kwa fujo. Mashine inamshikia zamu ya mchana.

Fyuzi ikae kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri. Nilichagua ya gari, ampea 7.5. Mota ikizunguka kwa ampea 3 haijali, ikianza haiwahi kukatika, lakini kamba ikinasa kwenye shina na mota ikasimama ikivuta 13, inakatika ndani ya sekunde chache, kabla mosfeti haijaungua. Nimembandikia mamdogo za akiba nne chini ya kifuniko. Msimu uliopita alibadilisha mbili mwenyewe, bila kunipigia. Nilipomuuliza alijuaje ni ipi, akasema ni ile ya rangi ya ugoro.